Waridi la Mama, Rangi Mbili

Katika duka la vitambaa, Kariakoo, dada wawili walibishana. Walitaka sare za harusi zifanane na waridi la marehemu mama yao. Mkubwa, aliyetoka Moshi, alishika ua rangi ya damu ya mzee. Mdogo, wa Magomeni, alishika la pinki.

"Mdogo wangu, umebadilisha ua la mama!"

"Dada, mche ni uleule ulionikatia wewe. Huku joto linalipausha. Kipupwe kikiingia, linakolea lenyewe."

Duka zima, mimi mteja nikiwemo, tukayakodolea macho maua yale mawili.

Muuzaji, mkasi mkononi, akauliza, "Harusi lini?"

"Julai."

Akarudisha jora la pinki, akakata damu ya mzee.

Joto hilihili mimi nalijibu kwa jasho na matusi. Waridi linalijibu kwa rangi.