Altaneta Iliyokuwa na Joto Alfajiri

Siku yangu ya kwanza kazini asidi ilinitoboa sketi, tena mpya ya kushonewa. Nilivaa vizuri kwa sababu nilidhani duka la betri ni kama duka la vitambaa. Fundi Mkuu, Mswahili wa mjini Kisii mwenye vidole vyeusi, alinitazama, akanipa aproni ya mpira na kopo la magadi. "Magadi yanaua asidi," akasema. "Hiyo sketi, pole yake." Mafunzo yangu yakawa yameishia hapo.

Wakati huo tulipima kwa haidromita, bomba la kioo lenye kielea ndani. Unafyonza asidi kutoka kila chumba cha betri. Kielea kikizama sana, chumba hicho hakina nguvu. Nilipima hivyo Kisii miaka minne, nikapelekwa tawi la Suneka kuchaji betri za watu, kisha Nyamira, ambako baridi ya asubuhi ilinifanya nijute kuzaliwa. Mwishowe Meneja alinirudisha Kisii niwe karani wa waranti. Hapo kichwa kikavimba. Haidromita ilikuwa imewekwa kabatini; tuliletewa mashine inayobanwa kwenye betri, nayo inatoa karatasi ya majibu. Niliiamini karatasi hiyo kama kadi ya kliniki.

Kazi ya karani wa waranti ilikuwa kuamua betri iliyorudishwa ina makosa ya nani. Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu, kasoro ya kiwanda au uzembe wa mteja. Kama ni kiwanda, mteja anapewa betri mpya. Kama ni uzembe, anabeba yake arudi nayo nyumbani. Nyinyi mliorithi meza hizi, msije mkadhani ni kazi ndogo.

Mwaka mmoja kabla ya Fundi Mkuu kustaafu, alikuja mwalimu mstaafu kutoka upande wa Nyamira. Gari lake lilikuwa linakula betri. Likilala usiku mmoja, asubuhi haliwaki. Ya kwanza nilimbadilishia bila maneno. Ya pili ilipokufa vilevile, mashine ikatoa karatasi: betri ni nzima, haina chaji. Nikalikagua gari pale nje. Hakuna taa iliyobaki ikiwaka, redio imezimwa, buti limefungwa. Nikasema moyoni, huyu mzee anasahau taa na hataki kukiri. Nikatia alama kwenye uzembe wa mteja.

Aliisoma fomu polepole, kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi. Kisha akaniambia, "Mama, mke wangu figo zake zimekufa. Jumanne na Ijumaa lazima afike hospitali hapa Kisii asubuhi, asafishwe damu kwa mashine. Jumanne hii majirani walisukuma gari mpaka wakachoka. Hakufika. Miguu imevimba, hata viatu haviingii. Ijumaa akikosa tena, sijui."

"Mwalimu, pole sana," nikamjibu, "lakini fomu ni fomu." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu, na aibu yake ninayo hadi leo.

Fundi Mkuu alikuwa amekaa kwenye kreti akinywa chai. Akauliza, "Hilo gari, umewahi kuliona likiwa limelala?"

"Liko hapo nje, Mzee."

"Hapo limefika likinguruma, limesukumwa, limepanda milima, kila kitu ni moto. Nimekuuliza likiwa limelala."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeyapokea magari yakiwa na jasho la safari. Hakuna mteja anayeweza kukuletea gari lililolala; akikuletea, limeshaamka.

Fundi Mkuu akamwazima Mwalimu betri iliyojaa chaji. Akamwambia aende nayo, Alhamisi jioni aegeshe mahali pake pa kila siku, azime, na mtu yeyote asiguse hata mlango mpaka tufike. Ijumaa hiyo Fundi Mkuu aliswali alfajiri, akanichukua kwa pikapu ya duka. Tulifika kwa Mwalimu jua halijachomoza. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya majani ya chai, na umande umelowesha gari lote. Mama mwenye nyumba alikuwa ameketi barazani, blanketi mabegani, mkoba wa hospitali mapajani, malapa ya mumewe miguuni kwa sababu yake hayakumtosha.

"Bwakire," nikamsalimu kwa Kikisii.

"Bwakire buya," akajibu, kisha akauliza kwa Kiswahili ili Fundi Mkuu naye aelewe, "Leo litawaka?"

Fundi Mkuu alikwenda moja kwa moja kwenye gari. Alifungua boneti, akajifuta mkono kwenye kanzu, akaugusisha kwenye injini. Akausogeza hadi kwenye altaneta, mashine inayozungushwa na mkanda wa injini ili ichaji betri. Mkono ukatulia hapo. Akaniita, "Lete wako."

Niligusa injini, baridi kama jiwe la mtoni. Nikagusa altaneta. Ilikuwa na joto, kama ubavu wa ng'ombe aliyelala. Gari halijawashwa tangu jana jioni, umande unatiririka pembeni, na chuma hicho kina joto! Nimeshika betri maelfu, lakini asubuhi hiyo ndiyo niliogopa umeme kwa heshima, na nikamwogopa mzee yule aliyejua pa kuweka mkono.

Akanieleza kwa upole. Ndani ya altaneta kuna dayodi, vipande vidogo vinavyoruhusu moto wa umeme uende kwenye betri na kuuzuia usirudi. Kimoja kikiharibika, usiku kucha moto unarudi kinyumenyume, unapasha chuma joto bure, mpaka betri inaisha. Alipachika mita, nayo ikasema kama mkono wake.

Gari lilijaribiwa, likakohoa, likanyamaza. Tulimwingiza mama kwenye pikapu yetu, mimi nikapanda nyuma pamoja na Mwalimu, tukamfikisha hospitali kwa wakati.

Pale hospitalini, tukingoja, Mwalimu alinitolea risiti aliyoitunza ndani ya Biblia. Altaneta hiyo aliinunua dukani kwetu, na ilifungwa na mafundi wetu, haijatimiza hata mwaka. Waranti yake ilikuwa hai. Mzembe hakuwa mteja, na kiwanda cha betri hakikukosea. Tulikuwa ni sisi.

Nilitaka kuichana fomu yangu. Fundi Mkuu akanikataza. "Usichane. Piga mstari mmoja, andika ukweli chini yake, tia sahihi."

Nikapiga mstari, nikachora kisanduku cha tatu, kosa la duka, nikatia sahihi. Meneja aliisoma mara mbili. "Hapa pana visanduku viwili, mama. Hiki cha tatu umekitoa wapi?"

"Nimekigusa kwa mkono, bwana Meneja."

"Unajua unaandika kwamba sisi ndio wenye makosa?"

"Ndiyo. Na hiyo ni sahihi yangu."

Alinuna siku mbili, kisha akatoa altaneta mpya na betri mpya. Fundi Mkuu alizifunga mwenyewe. Kesho yake alfajiri nilirudi kwa Mwalimu kugusa. Baridi kabisa. Nilicheka peke yangu pale kwenye umande kama mwendawazimu. Kuanzia hapo, hadi nilipostaafu, sikutia alama kwenye fomu kabla sijaliona gari pale linapolala, na makarani wenzangu walinicheka kwamba nalala na magari ya watu. Wacha wacheke.

Mama yule aliishi miaka sita zaidi. Mwezi uliopita tulimzika, nami nilienda, nimeshastaafu, nikakaa nyuma kabisa. Mwalimu alisimama na fimbo yake, akataja ndoa, watoto, kanisa. Halafu akasema, "Na tangu ile Ijumaa, gari halikumwangusha hata siku moja." Waombolezaji walitazamana, wakidhani majonzi yamemchanganya mzee. Mimi nililia kuliko watu wa ukoo.