Mdogo Wake Lusha Asiyempinga

Lusha Chernoff alikuwa mwoka mikate wa kijiji kimoja cha bonde la Slocan. Majira ya baridi alipanda milima ya theluji na mdogo wake Walter na rafiki yao Dale, kisha wakishuka kwa kuteleza juu ya skii. Sheria ya wapandaji wa kule ni moja: mmoja akisema hapana, wote wanageuza, na hakuna kununa. Basi msema hapana siku zote alikuwa Lusha. Atachimba shimo kwa sepetu, atazame kama matabaka yameshikana, apapase theluji ya chini, kisha atikise kichwa.

"Haya, mama mkwe keshasema," Walter alizoea kutania. "Turudi tukanywe supu."

"Uinywe ukiwa hai."

"Dada, wewe hata ngazi ya nyumbani unaiogopa."

Lakini aligeuza. Tangu utotoni hakuwahi kumbishia dada yake mara mbili.

Februari ile baridi kavu ilikaa sana, theluji ikawa punjepunje kama sukari. Juu yake ikaanguka mpya, nzito, na upepo ukailundika upande mmoja wa mteremko. Halafu jua likatoka, mbingu haina hata wingu. Siku nzuri namna hiyo ndizo zinazoua, na Lusha alilijua hilo. Akamngoja Walter apige simu ya kwenda mlimani, apate kumkataza. Simu haikulia.

Aliyepiga baadaye ni Dale. Theluji ilikuwa imekatika Walter akiwa katikati ya mteremko, ikamfukia. Dale alimtafuta kwa kile chombo cha kifuani kinachoitana na cha mwenzio, akamfukua. Pumzi ilikuwa imeshakata.

Baada ya zaburi za mazishi watu wakanong'ona, kama wanavyonong'ona wasiofiwa, eti sikio la kufa halisikii dawa. Upuuzi mtupu. Lusha akamvuta Dale pembeni ya meza ya borshti, ile supu yao ya kabichi.

"Mbona hamkuniita?"

Dale hakuweza kumtazama. "Alinikataza. Alisema, 'Dada akija atasema hapana, na akisema nitageuza. Leo nataka kushuka.'"

Lusha akakaa chini. Laiti Walter angekuwa mkaidi! Angemwita, wakagombane huko huko juu, na yeye angemng'ang'ania koti asimwachie. Lakini alikuwa msikivu, ndiyo maana alikwenda bila yeye. Lusha akalia mbele ya watu wote, wala hakujifunika uso.