Kiti cha Bibi Harusi Kilicholiwa na Fisi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, kipande cha sabuni ya mche na lori zima. Ilikuwa miaka ya sabini, katika karakana ya shamba moja la kahawa upande wa Oldeani. Mimi nilikuwa msichana kutoka Kansay niliyeajiriwa kuosha magari. Mkuu wa Karakana, mtu mnene wa Dodoma aliyependa kuongea huku ameuma msumari, alifungua mlango wa lori akanionyesha kiti kirefu cha mbele.

"Hiki ni ngozi," alisema. "Ngozi ya kweli, si mpira. Kimeachwa na mzungu aliyekuwa na shamba hili. Umewahi kushughulika na ngozi?"

"Nimewahi kuivaa," nikamjibu.

Alicheka mpaka msumari ukamtoka mdomoni. Lakini nilikuwa nimesema kweli. Mama yangu, ayo kama tunavyosema Kiiraqw, alikuwa akishona sketi za ngozi zenye shanga ambazo wasichana wa kwetu walivaa siku za sherehe. Nililelewa katika harufu ya ngozi mbichi na mafuta. Sikujua kama elimu ile ingeweza kunipatia mshahara.

Mkuu wa Karakana alinifundisha yaliyobaki, na ninyi vijana mnaoosha magari ya watalii pale Karatu ningependa mnisikilize. Kwanza ni vumbi. Lipigwe brashi mpaka liishe, ndipo maji yaguse kiti. Ukitia maji juu ya vumbi umetengeneza tope, na tope letu jekundu likiingia kwenye mshono halitoki tena. Sabuni tuliikwangua kwa kisu ndani ya maji ya uvuguvugu, tukaipiga mpaka ikatoa povu, na kilichogusa kiti kilikuwa povu peke yake. Kisha kitambaa kilichokamuliwa, kisha kivuli. Kiti cha ngozi hakianikwi juani. Jua hukikausha kikapasuka kama kisigino cha mtu anayelima pekupeku. Kikiwa bado na ubaridi wa maji, ndipo unapaka mafuta kwa kiganja, polepole, mpaka ngozi iwe laini na mkono wako ubaki mkavu.

Pakiwa na ufa, unafungua mshono, unaweka kiraka kwa ndani na kushona upya kwa msharasi, yaani kile chuma chembamba chenye mpini ambacho mafundi viatu hutobolea. Uzi lazima upitishwe kwenye nta ili maji yasiuozeshe. Nta nzuri ilitoka Mang'ola, kwa watu wanaorina asali kule porini.

"Usishone kama mtu anayekimbizwa," Mkuu wa Karakana alikuwa akiniambia. "Huyu dereva atakalia mshono wako kutwa nzima. Ukivuta sana, atakutukana kila kwenye shimo."

Dereva mwenyewe aliitwa Jumanne, mtu wa Singida, mpole, mwenye mgongo mbovu alioupata kwa kubeba magunia ujanani. Alikipenda kiti kile kuliko alivyopenda injini. Lori lile lilipohamishiwa kambi ya matengenezo ya barabara kule juu Ngorongoro, Jumanne alihamishwa nalo, na mimi nikahamishwa nao wote wawili, kama vipuri.

Ngorongoro kuna ukungu wa aina mbili. Kuna ule unaopanda kutoka bondeni asubuhi, usione hata vidole vyako, na kuna ule unaoota juu ya ngozi kwa sababu ya ule wa kwanza. Kila juma nilikuta kiti kimeota vinyweleo vyeupe. Nilivifuta kwa kitambaa chenye siki kidogo, ambayo mpishi wa kambi aliniombea kwa wenzake wa hoteli ya watalii, kisha nikaacha upepo ufanye kazi yake.

Mkuu wa Kambi hakupendezwa na habari hizi. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, suruali zake zimenyooka kwa pasi hata palipokuwa na tope hadi magotini. Alikuwa mwadilifu, hilo nalisema wazi, lakini alipenda vitu vipya.

"Ngozi ni mambo ya walowezi," alisema siku moja akinitazama ninavyopaka. "Tutaleta plastiki. Unapiga maji, unafuta, unakwenda zako."

"Bwana Mkuu," Jumanne akasema, "plastiki inateleza. Ile kona ya kushuka geti la hifadhi, nikiteleza mimi kwenye kiti, na lori nalo litanifuata."

Mkuu wa Kambi akaenda zake, lakini hatukufikiri kwamba amebadili mawazo.

Basi ikawa Mkuu wa Kambi anaoa. Hakuna aliyetegemea. Umri ulikuwa umekwenda, na sisi tulidhani ameoa barabara. Mchumba alikuwa Mwalimu Restituta wa Buger, mwanamke mcheshi ambaye tulishindwa kuelewa amemwonea wapi. Harusi ilikuwa Jumamosi, kanisani Karatu. Petroli ilikuwa adimu siku hizo, na gari dogo aliloahidiwa na ofisi halikupatikana. Likabaki lori letu. Lingekwenda Buger kumchukua bibi harusi, yeye na bwana harusi wakae mbele na Jumanne, sisi wengine nyuma na wapambe na ngoma.

Nilikisafisha kiti kile kama kitoto kichanga. Dawa ya ngozi ya makopo kutoka Arusha ilikuwa imeadimika kama kila kitu, kwa hiyo nilitumia mafuta ya kondoo, kama ayo alivyokuwa akifanya. Kiti kikang'aa. Mkuu wa Kambi akaja, akaingiza kichwa, akakunja pua.

"Gari linanuka kama jiko la sikukuu," alisema. "Acheni mlango wazi mpaka asubuhi, harufu itoke. Mwalimu hawezi kuingia kanisani ananuka kondoo."

Tukaacha mlango wazi, kama alivyoamuru.

Asubuhi ya Alhamisi nilitoka nikakuta manyoya ya farasi, yale yaliyojazwa ndani ya kiti, yametapakaa kwenye majani yenye umande kama kuna mtu amenyolewa. Upande wote wa abiria haukuwepo. Springi zilikuwa zimesimama wazi, moja imepinda. Upande wa dereva ulikuwa na alama za meno tu. Alama za nyayo zilionyesha mwenyewe ni nani: fisi, tena hakuwa peke yake.

Mkuu wa Kambi alikuja na kikombe chake cha chai. Akatazama springi, akatazama nyayo.

"Nani aliacha mlango wazi?"

Jumanne akatazama milima. Mimi nikatazama ndoo. Mwishowe mpishi, ambaye hakuwa na cha kupoteza kwa sababu ndiye pekee aliyejua kupika ugali wa watu wengi, akasema, "Ni wewe, Bwana Mkuu."

Alimeza chai. "Basi upigiliwe ubao, tutandike shuka."

"Buger mpaka Karatu kwenye ubao?" Jumanne akauliza. "Bibi harusi atashuka kanisani ameshika kiuno."

Mkuu wa Kambi akanigeukia mimi. Hakuwa amekasirika; ningependa angekasirika. Alikuwa na hofu, na sikuwahi kumwona nayo. "Paskalina, Jumamosi nataka kiti. Kisipokuwa kiti, Jumatatu naagiza plastiki, na kazi ya ngozi kambini imekwisha."

Nilielewa. Kazi ya ngozi kambini ilikuwa ni mimi.

Sasa ngozi ningeipata wapi? Arusha mbali, petroli ya harusi tu. Nikakaa kwenye ngazi ya lori nikikusanya manyoya yale, na hapo ndipo akaja Yeyo na maziwa. Yeyo maana yake mama kwa Kimaasai. Jina lake hasa alituficha, akisema linamtosha hilo. Boma lake lilikuwa ng'ambo ya kilima, na kila asubuhi alileta kibuyu cha maziwa kambini.

"Paskali, nani amekula kiti?"

"Fisi."

Alicheka mpaka akaweka kibuyu chini. "Fisi ana kosa gani? Wewe unampakia mafuta ya kondoo, unamfungulia mlango. Mimi pia ningekula."

Kicheko chake kikanichekesha na mimi, nikiwa na machozi yangu. Nikamweleza habari ya harusi na ya plastiki. Akasikiliza, akashika kipande kilichobaki, akakikunja kwa vidole, akakinusa. Kisha akaondoka bila kuaga. Jua lilipopanda alirudi na ngozi ya ng'ombe aliyoikunja begani, imelainishwa mpaka inaning'inia kama shuka.

"Nilimtengenezea binti yangu," akasema. "Nimeikwangua mimi, nimeisugua mimi. Yeye hataki. Anataka kitenge cha dukani."

Nilimkumbuka ayo, na sketi ya mwisho aliyoshona ambayo hakuna aliyekuja kuichukua.

"Yeyo, nikupe nini?"

"Jumamosi nikae juu yake mpaka Karatu."

"Mbele? Mbele kuna bibi harusi na bwana harusi."

"Huyu ng'ombe nilimkamua mwenyewe. Amelisha watoto wangu wote. Nataka nione amefika wapi." Akanitazama kama mtu ambaye ameshamaliza maneno.

Nilikwenda kwa Mkuu wa Kambi nikiwa najua jibu. Aliuliza, "Na mimi nikae wapi?" Nikasema sijui, Bwana Mkuu. Akafikiri huku akipapasa mkunjo wa suruali. "Mwambie sawa," akasema. Tangu siku ile nikaanza kumpenda bosi yule.

Tulifanya kazi pamoja, Yeyo na mimi. Nilikata ngozi kwa kufuata mabaki ya ile ya zamani. Jumanne aliinyoosha springi kwa nyundo. Manyoya ya farasi tuliyaosha, na yalipopungua tukaongeza nyuzi za katani. Yeyo alishika ngozi ikae imara, mimi nikashona, naye kila mara akasema, "Sidai," yaani vizuri, au akanyamaza, na akinyamaza nilifumua.

Kilichonitia wasiwasi ni gauni. Gauni la bibi harusi lilikuwa jeupe, na ngozi mpya hutoa rangi na mafuta. Mafuta ya kondoo sikuyataka tena. Nilichemsha magome nikapata rangi ya kahawia iliyolingana na upande wa dereva, nikaiacha ishike. Kisha nikayeyusha nta ndani ya mafuta ya mbarika, yaani ya nyonyo, kidogo tu, nikapaka na kusugua mpaka mabega yakalegea. Ijumaa jioni Mkuu wa Kambi alikuja, akatoa leso yake nyeupe, akaisugua kwenye kiti kwa nguvu zake zote. Akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa nyeupe. Akaikunja akairudisha mfukoni, akanipa mkono. Hakuwahi kunipa mkono kabla ya hapo.

Jumamosi Yeyo alikuja amependeza. Shanga shingoni mpaka mabegani, kichwa kimenyolewa kinang'aa, na mwili wote umepakwa ile rangi nyekundu ya udongo na mafuta wanayojipaka siku za furaha. Mkuu wa Kambi akaipapasa leso yake mfukoni. Ahadi ilikuwa ahadi. Yeyo akapanda mbele, akakipapasa kiti, akakaa. Bwana harusi akapanda nyuma na sisi, amevaa suti, amesimama ameshika bomba, na vumbi la kushuka kutoka getini likampaka vizuri kabisa.

Tulipofika Buger, shangazi za bibi harusi wakamwona kule juu. "Jamani, bwana harusi ameletwa kama gunia la vitunguu!" Wakapiga vigelegele. Mwalimu Restituta akatoka na gauni lake, akatazama ndani ya lori, akamwona Yeyo. Mpambe mmoja akakimbia na kanga atandike katikati yao.

"Acha," Mwalimu akasema. "Nani amenitengenezea kiti?"

"Sisi wawili," nikasema, nikimwonyesha Yeyo.

Akapanda, na kabla Jumanne hajatia gia akamkumbatia Yeyo kwa mikono yote miwili. Sisi kule nyuma tukaona kupitia kidirisha.

Kanisani Karatu alishuka ana bega jekundu na mkono mzima mwekundu. Mkuu wa Kambi, mwenyewe mwekundu kwa vumbi toka nywele mpaka viatu, akamtazama. Nilidhani sasa ataniita. Mwalimu akaanza kucheka, akasema, "Kiti ni kisafi. Sisi ndio tumechafuka." Na yule mtu wa pasi, ambaye hatukuwahi kuona meno yake, akacheka mpaka padri akatoka nje kuuliza kuna nini. Waliingia kanisani hivyohivyo.

Plastiki haikuagizwa. Nilikaa kambini miaka mingi, nikahamia Mang'ola kwenye malori ya vitunguu, ambako adui alikuwa harufu, na harufu hiyo nawaambia ukweli sikuishinda kamwe, niliipunguza tu. Jumanne aliendesha mpaka mgongo ukasema basi. Yeyo aliishi kumwona binti yake akizaa. Mimi nilistaafu nikiwa na vidole vilivyokakamaa lakini macho bado yanatunga uzi kwenye sindano.

Watu huniuliza kama kazi ile ilikuwa na maana, kushona mahali ambapo watu huweka makalio. Ninawajibu kwamba mtu akikaa vizuri hukaa na mwenzake vizuri. Nimeyaona hayo.

Juzi kijana mmoja anayeendesha watalii alinipa lifti kutoka Karatu. Gari jipya, viti vya ngozi, muziki. Mkono wangu haukutulia. Ukawa unapapasa pembeni mwa kiti, kwenye mshono, chini ya goti.

"Bibi, umepoteza kitu?" akaniuliza.

"Hapana, mjukuu wangu. Kiti chako kina kiu."

Akapunguza mwendo, akazima muziki, akapitisha kiganja kwenye kiti chake kama mtu anayempima mtoto homa. "Kinakunywa nini?"

Nikamwambia asinishushe barabarani, anifikishe mpaka nyumbani. Nina chupa kabatini.