Kengele Ililia, Mlango Ukagoma

Ipo siku moja, mwanangu, hainitoki kichwani, ingawa mengi ya ujana wangu yameshachukuliwa na maji. Nilikuwa binti mbichi, nimetoka kwetu Salale, huko deltani, kuja Kibiti kujifunza ufundi wa kengele za moto kwa Fundi Salumu, Mmatumbi mpole asiyepandisha sauti hata akipigwa shoti.

Tulipata kazi katika bweni jipya la wasichana, nje kidogo ya mji. Milango ilikuwa na kufuli za sumaku, kwa sababu ya wezi. Moto ukitokea, paneli ya kengele, lile sanduku linaloongoza kila kitu, izifungue yenyewe. Lakini fundi aliyetutangulia alikuwa ameipanga paneli ile anavyojua yeye, kisha akaenda zake. Wapishi wakikaanga samaki jikoni, milango ya bweni inafunguka. Ukipuliza moshi bwenini, kengele inalia, milango kimya.

Nikafungua kompyuta nisome amri alizoziacha. Kitambua moshi hiki kikishtuka, na kile pia, fungua. Kengele ikishalia, usifungue, isipokuwa... Kila amri peke yake ilikuwa na maana. Zikikaa pamoja, sioni kichwa wala miguu. Nikaongeza amri yangu kurekebisha ya kwanza, kisha nyingine kurekebisha hiyo yangu. Nikawa kama mtu anayefumua wavu kwa kuufunga mafundo.

"Umeelewa, binti?" Fundi Salumu akaniuliza.

"Nimeelewa, fundi."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilijifunika gubigubi.

Alasiri tukafanya jaribio. Wasichana wakaingia bwenini na matroni wao, Bi Zuhura, milango ikafungwa, tukapuliza moshi wetu wa kopo. Kengele ikalia. Milango ikagoma. Mwanzoni nilisikia vicheko. Halafu Bi Zuhura akapiga kelele: "Fungueni! Mtoto huku ana pumu, amebanwa!"

Unadhani nilikimbilia mlango? Nilibaki nimeganda mbele ya paneli, macho kwenye kompyuta, nasoma amri juu ya amri, natafuta ipi imekosea. Herufi nilikuwa naziona, maana siioni. Fundi Salumu alinipita kama upepo, akachomoa nyaya zinazopeleka umeme kwenye kufuli. Sumaku zikaachia. Wasichana wakamwagika nje, na yule mgonjwa akatoka amebebwa na Bi Zuhura, midomo imebadilika rangi. Alipovuta dawa yake ya kupuliza, pumzi ikarudi kidogo kidogo. Alhamdulillahi.

Fundi Salumu akanijia. "Ulikuwa unafanya nini pale?"

"Natafuta kosa, fundi."

"Kosa lingekungoja. Mtoto asingekungoja." Kisha akauliza, "Zile amri, unazielewa?"

Machozi yakanitoka. "Sizielewi. Hata zangu mwenyewe sizielewi."

"Mimi nami sizielewi," akasema. "Nilikuwa nakutegemea wewe."

Basi tukazifuta zote. Tukaanza upya, na kila amri tuliitamka kwanza kwa Kiswahili mbele ya Bi Zuhura: moshi bwenini, popote pale, milango yote ifunguke. Akiitikia, ndipo naiandika. Asipoitikia, naanza tena. Kesho yake tulijaribu bweni likiwa tupu, na milango ikafunguka.

Mwanangu, kuchanganyikiwa si aibu. Mimi mpaka leo huchanganyikiwa. Kwetu deltani, aliyepotea kwenye mikoko hakazani kupiga kafi. Hutulia, akatazama maji yanakokwenda. Nawe unayeanza ufundi huu, usirundike amri juu ya jambo usilolielewa. Sema "sijaelewa" mapema, kabla watu hawajafungiwa ndani kwa sababu yako. Na siku mambo yakiharibika, usisimame kutafuta kosa ni la nani. Watoe watu kwanza.

Mola akupe ulimi usioona haya kuuliza, akuepushe na moto wa dunia na wa akhera, na kila mlango utakaoutengeneza, aufanye wa salama. Amin.