Maranda ya Mninga

Kutuma asali ya chupa kwa basi kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni kazi ya kugombana na matuta ya barabarani. Nimejaribu kila kitu cha kuzuia chupa zisigongane. Magazeti hulala yakikandamizwa, na boksi likifika Tabora chupa zimeshaanza kucheza. Majani makavu yaliniletea sisimizi. Pumba za mpunga hujipenyeza kwenye mifuniko, mteja akifungua asali anakutana nazo. Sponji ya godoro kuukuu niliitumia mara moja tu, kisha mama mmoja akanipigia simu kuuliza kama asali yangu huwa inalala kitandani. Nikaishia kwenye maranda ya seremala. Ni mepesi, yanajikunja, yakibanwa yanasukuma kurudi, na fundi wetu anafurahi ukimwondolea.

Kufunga mzigo nilifundishwa na baba, aliyekuwa mrina asali kule Ugalla. Kila boksi alilitikisa karibu na sikio kabla ya kuliruhusu litoke nyumbani. "Likiongea, fungua uanze upya," alikuwa akisema. Nami mpaka leo sipeleki boksi stendi bila kuliinua sikioni. Wapiga debe wananicheka, na waendelee kucheka.

Baba alifariki masika yaliyopita, nyumbani kwetu Magamba. Mbao za mninga za sanduku lake alizitunza mwenyewe darini kwa miaka mingi. Sote tulijua ni za nini, ila hakuna aliyetaka kulizungumzia. Fundi alikuja akazipiga randa uani kwetu, na uwanja ukajaa maranda mekundu. Shangazi, dada yake baba, aliyafagia yote kimyakimya, akayatia kwenye mfuko wa salfeti, akaifunga kwa kamba na kuiweka stoo nyuma ya jiko.

Dada yangu, mkubwa wetu, hakuwahi kuzika. Maji yalikata barabara, basi lao likarudishwa Tabora, na siku za ruhusa kazini zikamwishia akiwa njiani. Tulimsubiri siku moja, ya pili tukazika. Alikuwa kwenye simu tukishusha sanduku. Niliishika mimi ile simu, na sauti iliyotoka humo sitaki kuieleza.

Wiki tatu baadaye nilikuwa na oda za watu watano, na fundi alikuwa Mwese akipaua kanisa. Karakana yake ilikuwa imefungwa. Nikakumbuka salfeti ya stoo.

Sitasema sikujua ni maranda ya nini. Nilijua vizuri. Nilisimama pale mlangoni nikajiambia kwamba baba ameshazikwa, na haya ni takataka za mbao. Nilikuwa na hasira pia, hasira ya mtu aliyebaki na kazi zote za msiba huku wengine wakirudi makwao. Nikafungua kamba. Yalikuwa makavu, laini, na yakinukia. Nilifunga maboksi matano, nikayatikisa moja moja, yote kimya. Sijawahi kufunga vizuri namna ile. Ndani ya wiki mbili wateja wanne walinipigia, mmoja baada ya mwingine, kunishukuru kwamba hakuna chupa hata moja iliyovunjika. Mmoja akauliza ni maranda ya mti gani, maana nyumba nzima ilinukia. Nilimjibu kwamba ni ya mninga.

Siku mbili kabla ya arobaini, shangazi aliniita jikoni.

"Dada yako akifika, ile salfeti ya stoo mpe mwenyewe," akasema. "Msiiguse nyie wengine."

"Ya nini, shangazi?"

"Kwetu asiyewahi kuzika anatunziwa maranda ya sanduku. Anayafukia kwa mkono wake, juu ya kaburi. Ndiyo kuzika kwake. Baba yako alimfanyia bibi yako hivyo hivyo, akitokea porini. Hukuwahi kuambiwa?"

Sikuwahi kuambiwa. Nilitikisa kichwa nikaenda kuchota maji ambayo hayakuwa yanahitajika. Kwenye salfeti yalikuwa yamebaki maranda yasiyojaa kiganja.

Ningeweza kusema. Shangazi alikuwa pale, na dada alikuwa bado hajapanda basi. Badala yake kesho yake nilikwenda kwa fundi, ambaye alikuwa amerudi na siku hizo alikuwa akitengeneza milango ya mbao za paini. Nikajaza salfeti ile ile, nikaifunga kwa kamba ile ile na fundo kama la shangazi. Yale yaliyobaki nikayatandaza juu ili yaonekane ya kwanza.

Dada alifika akiwa amekonda. Asubuhi ya arobaini, baada ya misa, tulikwenda kaburini watu wachache. Alipiga magoti, akachimba kwa mikono, hakutaka jembe. Akafungua salfeti, akachukua yale mekundu ya juu, akayanusa akiwa amefumba macho. Kisha akaingiza mikono yote miwili, akatoa maranda meupe ya milango ya watu, akayakumbatia kifuani kama anavyobebwa mtoto. Alizungumza na baba kwa muda mrefu. Alimwomba radhi kwa kuchelewa. Alimwambia, "Sasa nimekushika."

Nilitazama chini. Nilipoinua macho, shangazi alikuwa akiyatazama yale maranda meupe. Yeye ndiye aliyeyafagia, na macho yake ni mazima. Kisha akanitazama mimi. Mpaka leo hajaniuliza. Nikienda kumsalimia ananikaribisha vizuri, ananipikia, ananiuliza biashara. Ningependa anitukane.

Mwezi uliopita ofisi ya mizigo stendi walinipigia. Boksi langu moja limerudi kutoka Dar es Salaam, mwenyewe hapokei simu na wamechoka kulitunza. Ni la tano katika yale matano. Nililichukua nikaliweka chini ya kitanda changu, chupa sita za asali ya Ugalla, na katikati yake maranda ya kweli.

Kila siku najiambia nitampigia dada. Kila nikishika simu, anakuwa ameshatangulia kupiga yeye. Jumapili alinieleza kwamba tangu siku ile anapata usingizi.

"Mngeyatupa yale maranda, mdogo wangu, sijui ningekuwa wapi," alisema. "Mungu akubariki kwa kunitunzia."

Nikamwambia, "Amina, dada."

Tulipomaliza kuzungumza nililivuta lile boksi kutoka chini ya kitanda. Selotepu haijaachia hata pembe moja. Limekwenda Dar es Salaam na kurudi, matuta yote yale mara mbili. Nililiinua sikioni nikalitikisa, taratibu kwanza, halafu kwa nguvu zangu zote, nikitaka walau chupa moja iongee ili nipate sababu ya kufungua. Halikuongea.