Damu Iliyotolewa kwa Niaba ya Kaka

Kazini walimwita Mama Panya, wala hakukasirika. Kweli panya wa maabara walikuwa kama wanawe: aliwalisha, akawabadilishia maranda, akawagombeza waking'atana. Nyumbani aliishi na kaka yake pacha, fundi cherehani, na huko hali haikuwa nzuri. Kidonda cha mguuni mwa kaka kilikataa kupona. Halafu, la ajabu zaidi, kaka aliacha kulalamikia mapishi. Mama Panya anatia chumvi bila huruma, jamani, na miaka yote kaka alikuwa akimsema. Sasa anakula kimya. Hilo ndilo lililomtisha.

Daktari alitaka damu ya kaka ipimwe, aone kama amepungukiwa na zinki, madini ambayo mwili huyahitaji kidogo tu lakini yakikosekana vidonda haviponi na ulimi hupoteza ladha. Kaka akatia pamba masikioni. Mtu anashinda na sindano kutwa nzima, kumbe ya kuchomwa yeye anaiogopa!

"Nenda wewe, dada. Tumezaliwa siku moja, tunakula chungu kimoja. Damu yako na yangu zina tofauti gani?"

Usicheke. Mama Panya naye aliona ni maneno ya maana. Akabeba karatasi ya vipimo ya kaka, akachomwa yeye. Majibu yakaja: zinki ipo ya kutosha. Wakashangilia wote wawili. Kidonda hakikushangilia.

Wiki ile mtafiti wa maabara, binti mmoja mcheshi, alikuwa ameinamia kompyuta, kioo chake kimejaa vidoa vya rangi. Mama Panya hawezi kupita penye jambo bila kuuliza, akauliza.

"Ni wale panya wazee tuliowanyima zinki," binti akasema. "Jeni mwilini ni kama taa, nyingine zinawaka, nyingine zinazimika. Sasa tazama: hizi zimezimika kwa madume, kwa majike bado zinawaka."

"Lakini niliwapa chakula kilekile! Umri mmoja, wengine hata tumbo moja!"

"Ndiyo hapo, mama. Kwa nini, bado tunatafuta."

Mama Panya akatua ndoo chini. Umri mmoja, tumbo moja, chungu kimoja. Akajiona mjinga, tena mjinga wa kupindukia. Hivi ndani ya kaka ni taa zipi zimezimika? Akatamani kujua palepale.

Alipofika nyumbani hakukaa. "Kaka, vaa viatu."

"Si tulishapimwa?"

"Nilipimwa mimi. Twende."

Kaka akaenda shingo upande. Alichomwa macho ameyafumba, amembana dada yake mkono hadi ukafa ganzi. Zinki yake ilikuwa chini kabisa, akaanzishiwa vidonge.

Kidonda kikaanza kukauka pembeni, polepole. Kisha siku moja mezani kaka akatia kijiko mdomoni, akakunja uso, akasukuma sahani.

"Dada! Chumvi gani hii? Unataka kuniua?"

Mama Panya akaangua kilio cha furaha, akamwongezea upawa mwingine.