Hajati amefuta bei zote

Jamani, leo Hajati kanimaliza!

Wiki nzima nimehangaika kuchagua programu ya tovuti ya duka lake la vitenge hapa Tunduma. Nilitaka ile ambayo atabadilisha bei mwenyewe, kwa shilingi na kwacha ya Zambia, bila kuniita.

Leo nikamfundisha. Kashika haraka ajabu.

Nikatoka kidogo kununua chapati. Kurudi, bei zote hazipo! Kila kitenge kimeandikwa: "Njoo tuongee."

"Hajati, mbona umefuta?"

"Mwanangu, mteja akishaijua bei akiwa kwake, dukani atakuja kufanya nini?"

Hapo hapo simu yake ikaita. Mteja wa Nakonde, upande wa Zambia, kaona kitenge mtandaoni, anavuka mpaka sasa hivi kuja kuongea.

Nimerudi ofisini, nimefuta bei kwenye tovuti yangu.

Mnaotaka kutengenezewa tovuti, njooni tuongee 😂